Mwalimu Anapomtenga au Kumtesa Mtoto wa Elimu Maalumu: Mzazi Uanzie Wapi

Chupa ya maji ya mwanangu ndiyo iliyonifungua macho. Kila asubuhi niliijaza, nikaiweka kwenye kibegi chake na kumkabidhi kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi iliyo jirani. Kila alasiri ilirudi imejaa vilevile. Nikadhani labda anasahau, labda michezo inamnogea. Mwanangu ana usonji na haongei, kwa hiyo hawezi kuniambia "mama, leo sikunywa". Ilinichukua zaidi ya wiki kugundua kwamba akifika nyumbani anakimbilia mtungi kabla hajavua viatu, anakunywa vikombe vitatu mfululizo. Nilipomuuliza dada anayefagia pale shuleni, aliangalia kando kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mama, hawa wa nyuma hawapewi maji. Wakinywa watataka kupelekwa choo."

Hawa wa nyuma walikuwa watoto tisa waliokalishwa kwenye mkeka, migongo ukutani. Mbele, kwenye viti, walikaa wanne. Wanne hao walikunywa maji, walipelekwa choo, walishikwa mkono wakifundishwa kuandika. Baadaye nikajua kwamba wazazi wao walikuwa wakimpa mwalimu elfu kumi kila Ijumaa, ikiitwa "ya sabuni".

Haya ninayoandika nimeyapata katika miezi saba ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi, na kwa kuwasaidia wazazi wengine watatu baada ya hapo. Ni kwa mazingira ya Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake ya elimu na Sheria yake ya Mtoto ya 2011, kwa hiyo milango ya kugonga huko ina majina mengine, ingawa namna ya kukusanya ushahidi ni ileile.

Kwanza jua unachokiona

Si kila tofauti ni upendeleo. Mtoto asiyeona akikaa na mwalimu nusu saa akijifunza nukta nundu huku wenzake wanachora, amepewa anachohitaji. Mtoto mwenye ualbino akiwekwa karibu na ubao na mbali na dirisha lenye jua, naye hivyohivyo. Jiulize: tofauti hii inatokana na mahitaji ya mtoto, au inatokana na mzazi wake ni nani na anatoa nini?

Kuna upendeleo mwingine ambao wazazi tunaupita kwa sababu hauna pesa ndani yake. Mtoto anayeelewa haraka, anayejua kuandika jina lake, ndiye anayeitwa mbele wageni wakija. Ndiye anayechaguliwa kwenda kwenye michezo, ndiye anayepigwa picha. Mwenzake mwenye mtindio wa ubongo, anayetokwa na udenda, anabaki kwenye mkeka tangu kengele ya asubuhi hadi ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Lakini mwaka unaisha na hajafundishwa hata kushika kijiko. Huyo ameonewa, na una haki ya kulisema hilo.

Halafu kuna uhaba. Mwalimu mmoja anaachiwa watoto ishirini: viziwi, wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, wote chumba kimoja, bila msaidizi. Mtoto wako akichelewa kubadilishwa nguo kwa sababu mwalimu alikuwa amemshika mwenzake aliyeanguka kifafa, usimwandikie mwalimu huyo malalamiko. Andikia halmashauri kudai walimu na wasaidizi, na umwombe mwalimu mwenyewe akupe takwimu za darasa lake. Nimekutana na walimu wa kitengo wanaonunua pampasi za watoto wa watu kwa mshahara wao. Ukimtupia lawama mtu wa namna hiyo, umepoteza rafiki uliyemhitaji.

Kosa ni jambo jingine kabisa. Kumpiga mtoto ovyo, kumfunga kamba kwenye kiti, kumfungia stoo, kumnyima maji, chakula au dawa, kumwita "zezeta" mbele ya wenzake, kumtuma kufua nguo za mwalimu, kumgusa sehemu za siri, kudai pesa ili ahudumiwe: hakuna uhaba unaohalalisha hata kimoja.

Kuhusu viboko, maana hapo ndipo wazazi wengi hunyamazishwa kwa kuambiwa "vinaruhusiwa kisheria". Soma kanuni zenyewe. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu tu, visizidi vinne kwa mara moja, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Ukubwa wa adhabu uzingatie umri, jinsia na afya ya mtoto. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hakuna adhabu inayokubalika kama mtoto, kwa udogo wake au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Isome sentensi hiyo taratibu ukimfikiria mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyejikojolea. Mwalimu wa kitengo anayeshinda na fimbo mkononi yuko nje ya kanuni na nje ya sheria.

Kama ni kuumizwa au kuguswa, ruka ngazi zote

Hatua nyingine zote za mwongozo huu zinakwenda ngazi kwa ngazi. Hii hapana. Ukikuta alama za kipigo, jeraha lisiloelezeka, damu kwenye chupi, maumivu sehemu za siri, au mtoto ameeleza kwa namna yoyote kwamba ameguswa, usianze kwa mwalimu wala kwa mwalimu mkuu.

Kama hali ni mbaya nenda hospitali moja kwa moja, mengine yatafuata. Kama inaruhusu, pitia kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, toa maelezo, chukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja; kama kipo karibu, nenda hapo. Usimwogeshe mtoto. Nguo alizovaa usizifue, zikunje ndani ya mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huvundisha na kuharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo usilale nalo "tuone kesho".

Ukikwama popote, piga 116. Ni simu ya kusaidia watoto, haina gharama, na wanaweza kukuunganisha na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

Watakuja watu wa kukuomba muyamalize. Mara nyingi ni watu wazima, wenye heshima zao, na watakuja jioni wakiwa na maneno matamu na bahasha. Waambie shauri liko polisi na wewe huna mamlaka ya kulifuta. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwenye serikali ya mtaa. Wao wenyewe walipaswa kuwa mashahidi wako.

Mtoto asiyeongea naye ana namna yake ya kusema

Watoto wetu huongea kwa mwili. Aliyekuwa anashika begi mwenyewe asubuhi, leo anashikilia mlango. Aliyeacha kukojoa kitandani ameanza upya. Ukiinua mkono kuchukua chumvi juu ya kabati, anajikunyata. Akipita mtu aliyevaa shati la rangi fulani, analia. Dalili moja haithibitishi kitu. Homa au jino huweza kuleta hayo. Dalili tatu zinazotokea siku za shule tu na kupotea wakati wa likizo, hizo zifuatilie.

Kwa mtoto anayeweza kueleza kidogo, usimwekee maneno mdomoni. "Mwalimu alikupiga?" ni swali baya, kwa sababu watoto wengi wenye ulemavu wa akili huitikia "ndiyo" kwa kila kitu mtu mzima anachosema. Mwambie: "Nionyeshe mnavyokaa darasani." Mpe mawe, vizibo vya soda au wanasesere, kimoja awe mwalimu, vingine watoto. Nyamaza, tazama. Mama mmoja niliyemsindikiza aliona bintiye anachukua kizibo kimoja na kukiweka chini ya kikombe kilichofunikwa, mara tatu mfululizo. Alikuwa anaonyesha stoo.

Kwa mtoto kiziwi kuna mtego ambao nimeuona ukiharibu shauri zima. Mzazi anafika shuleni, hajui lugha ya alama, na mtu pekee anayeijua ni mwalimu yuleyule anayelalamikiwa. Basi mtuhumiwa ndiye anayetafsiri maneno ya anayemtuhumu! Usikubali. Kabla ya kikao chochote tafuta mkalimani kutoka nje ya shule. Chama cha viziwi cha mkoa au wilaya kitakuelekeza. Dai hivyohivyo polisi na mahakamani. Na usiruhusu mtu akwambie kwamba "mtoto huyu hawezi kutoa ushahidi". Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kutoa ushahidi bila kula kiapo, akiahidi tu kusema ukweli, na inamruhusu asiyeweza kuongea kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara.

Nunua daftari leo

Kama kuna kitu kimoja utakachochukua hapa, kiwe hiki. Ofisi zetu zinaweza kupuuza machozi ya mzazi, lakini zinapata taabu kupuuza tarehe. Mimi nilipokwenda mara ya kwanza kwa mwalimu mkuu nikasema "kila siku mtoto wangu hanywi maji", alitabasamu akaniambia "mama, kila siku ni neno kubwa". Niliporudi na daftari, hakutabasamu.

Andika siku hiyohiyo, usingoje wikiendi. Andika ulichokiona, wala si ulichokihisi. Usiandike "mwalimu hampendi mwanangu". Andika hivi:

"Jumanne tarehe 5. Amerudi saa 8:40 mchana. Chupa imejaa. Suruali imelowa na kukauka, ina harufu ya mkojo. Amekunywa vikombe vitatu. Paja la kushoto kwa ndani lina wekundu. Nimepiga picha mbili."

"Jumanne tarehe 12. Nimefika shuleni saa 5:10 asubuhi bila taarifa. Watoto tisa kwenye mkeka, wanne kwenye viti. Mwalimu yuko nje anaongea na simu. Nimekaa dakika 25. Walioitwa kwenda choo ni watoto wawili, wote wa viti vya mbele."

Picha upige za mwili wa mtoto wako na vitu vyake. Usipige watoto wa wengine bila ruhusa ya wazazi wao, maana hilo litageuzwa kuwa kosa lako. Majeraha yapige mchana kwenye mwanga, uweke sarafu kando ya alama ili ukubwa uonekane. Ujumbe wa simu wa mwalimu anayeomba pesa usiufute. Mtumie mtu unayemwamini nakala, kwani simu huibiwa. Na ukifika shuleni andika jina lako kwenye kitabu cha wageni kila mara, hata ukiambiwa "aah, mama, wewe ni mwenyeji". Kitabu hicho kitathibitisha kwamba ulikuwepo.

Kwa upendeleo, daftari lako lihesabu watoto wote, asiwe wako peke yake. Wangapi wameitwa ubaoni? Wangapi wana madaftari yaliyosahihishwa? Shimesikio (vifaa vya kusaidia kusikia), mashine ya nukta nundu, mafuta ya ngozi na kofia zilizoletwa na wafadhili, amepewa nani, amekosa nani? Hesabu ya wiki mbili inatosha kuonyesha umbo la jambo.

Kaa na mwalimu kwanza

Kwa yasiyo ya kuumizwa, mwalimu apewe nafasi. Nenda muda ambao watoto wameondoka, usimvamie mbele ya darasa. Mimi nilisema hivi: "Mwalimu, shikamoo. Najua mko wachache na watoto ni wengi. Nimekuja kwa sababu chupa ya mwanangu inarudi imejaa, wiki ya pili hii, na anarudi amelowa. Naomba tusaidiane, ratiba yake ya maji na choo ikoje?" Kisha nikanyamaza.

Jibu lake litakueleza mengi. Mwalimu aliyeelemewa atashusha pumzi, atakueleza shida zake, na mtapanga jambo. Yule mwingine atakuuliza mbona wazazi wengine hawalalamiki. Wa kwangu aliniambia: "Mama, wenzako wanachangia." Nilirudi nyumbani nikaliandika neno hilo kwa tarehe na saa.

Akikutajia mchango, usitoe. Ukitoa, umelinunua lile jambo ulilokuja kulikomesha, na mtoto wa asiyekuwa na kitu atashushwa mkekani kumpisha wako.

Barua kwa mwalimu mkuu

Maneno ya mdomo hupotea. Andika barua, ukurasa mmoja, nakala mbili. Ile ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe mbele ya macho yako. Wakisema muhuri haupo, mwombe aliyepokea asaini na kuandika jina. Hapa ni kiini cha yangu, ibadilishe kwa mambo yako:

"YAH: KUNYIMWA MAJI NA HUDUMA YA CHOO KWA MWANAFUNZI (jina), KITENGO CHA ELIMU MAALUMU

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi huyo. Kati ya tarehe 4 na 22 mwezi huu, siku kumi na moja mtoto alirudi nyumbani chupa yake ya maji ikiwa haijaguswa, na siku sita kati ya hizo nguo zake zilikuwa zimelowa mkojo. Tarehe 12 nilifika darasani na kukaa dakika 25. Jina langu liko kwenye kitabu cha wageni. Tarehe 13 nilizungumza na mwalimu wa kitengo, akanijibu kwamba wazazi wengine wanachangia. Hali haijabadilika.

Naomba: moja, watoto wote wa kitengo wawe na ratiba ya maji na choo iliyobandikwa darasani, mbili, nijulishwe mchango unaotajwa ni upi na uliidhinishwa na nani, tatu, mtoto wangu asibughudhiwe kutokana na barua hii. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku saba."

Angalia kwamba sikumwita mtu mwizi wala mkatili. Niliweka tarehe, idadi na maombi yanayoweza kutekelezwa. Kama lako ni viboko, omba pia kuonyeshwa kitabu cha adhabu. Mara nyingi hakuna kilichoandikwa, na kutokuandikwa huko kwenyewe ni uvunjaji wa kanuni.

Wazazi wenzako na kamati ya shule

Mzazi mmoja huitwa mkorofi. Wazazi watano huitwa kikao. Lakini wafuate mmoja mmoja, nyumbani kwao, usianzishe zogo kwenye kundi la WhatsApp. Wengi wana hofu kwamba mtoto akikataliwa hapo hana shule nyingine, na hofu hiyo ni ya kweli: vitengo ni vichache na viko mbali. Usimlazimishe mtu kusaini. Mwombe aanze daftari lake tu. Wazazi wanne wa mkeka waliposhika kalamu, madaftari yetu yalifanana tarehe kwa tarehe.

Kisha omba ajenda kwenye kamati ya shule, na usikilize kama kuna mjumbe yeyote anayezungumza kwa niaba ya kitengo. Mara nyingi kamati nzima ni wazazi wa madarasa ya kawaida, na kitengo hutajwa dakika ya mwisho watu wakisimama kuondoka. Dai kiti.

Hapo pia ndipo pa kuuliza pesa. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi ya serikali haina ada, na michango ya hiari haipaswi kuwa sharti la mtoto kuhudumiwa. Uliza kitengo kimepokea nini, mapato na matumizi yamebandikwa wapi. Mwalimu anayedai malipo ili amhudumie mtoto anadai rushwa. Taarifa yake hupelekwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, ambayo nayo haina gharama.

Kupanda ngazi: kata, halmashauri, Tume

Siku saba zikipita kimya, ambatanisha barua yako yenye muhuri na nakala za kurasa za daftari, peleka kwa Afisa Elimu Kata, nakala kwa Afisa Elimu wa halmashauri anayesimamia shule za msingi. Halmashauri huwa na afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Mtafute huyo uso kwa uso, kwa sababu anajua kitengo kinatakiwa kuendeshwaje na hawezi kudanganywa kwamba "watoto hawa ndivyo walivyo". Wathibiti ubora wa shule nao wapelekee nakala. Wao wanaweza kuingia darasani na kuandika ripoti, jambo ambalo wewe huwezi.

Nidhamu ya mwalimu wa shule ya serikali iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, yenye ofisi wilayani. Makosa mepesi huanzia kwa mkuu wa shule mwenyewe; makubwa huenda kwenye Tume, ambako adhabu zinaanzia onyo na karipio hadi kushushwa cheo, kupunguzwa mshahara au kufukuzwa kazi. Mwalimu hupewa hati ya mashtaka na nafasi ya kujitetea, na ni haki yake. Ndiyo maana ushahidi wako lazima uweze kusimama mbele ya mtu anayejitetea. Fahamu pia kwamba kesi ya polisi na shauri la nidhamu ni njia mbili tofauti. Moja ikikwama, nyingine haifi.

Kwa shule binafsi mwajiri ni mmiliki, kwa hiyo barua iende kwake. Halmashauri na wathibiti ubora bado wana mamlaka juu ya shule hiyo.

Ukigonga ukuta kote huko, kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kuna vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, na kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao hawatozi mtu asiye na uwezo. Mitandao ya kijamii iache. Ukibandika jina na picha ya mwalimu kabla halijathibitishwa, unaweza kujikuta wewe ndiye unayejibu chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na uso wa mtoto wako utabaki huko miaka yote.

Mtoto yuko darasani wakati shauri linaendelea

Hapa ndipo penye uchungu mkubwa. Unamlalamikia mtu asubuhi, na asubuhi hiyohiyo unamkabidhi mwanao. Omba kwenye barua mtoto asibaki peke yake na mwalimu huyo, na mtu mwingine mwenye jina atajwe kumpokea na kumpeleka choo. Fika kwa nyakati zisizotabirika. Kama una kazi, pangianeni zamu na wazazi wenzako, mmoja kwa siku. Mkague mtoto kila jioni wakati wa kuoga, kwa upole, kama mchezo, ili asijione ana kosa. Kama ni wa bweni na jambo ni zito, mrudishe nyumbani hadi majibu yatoke, lakini uandike barua ya kueleza sababu ili jina lake lisifutwe kwa utoro.

Wa kwangu alibagazwa wiki mbili baada ya barua: mwalimu aliacha kabisa kumtaja jina, akawa anamwita "wa mama yake". Msaidizi ndiye aliyeniambia. Nililiandika, nikapeleka barua ya nyongeza halmashauri. Wathibiti ubora walikuja wiki iliyofuata. Mwalimu alipewa onyo la maandishi na akaondolewa kitengoni, na ile "ya sabuni" ikapigwa marufuku kikaoni. Wazazi wawili wa viti vya mbele waliacha kunisalimia, na hadi leo hatujarudiana vizuri. Nawaelewa, walitaka watoto wao wanywe maji, kama mimi.

Ukipata majibu, yadai kwa maandishi, kisha dai kitu kinachoonekana kwa macho kila siku, kisichotegemea moyo wa mtu. Sisi tulidai ratiba. Imebandikwa nyuma ya mlango wa darasa: majina kumi na matatu upande mmoja, maji na choo mara nne upande mwingine, na kalamu imefungwa kwa uzi pembeni. Mzazi yeyote akija kumchukua mtoto anaisoma. Anayeweka tiki ya saa nne ni yule dada anayefagia.